Dawa Zilizotoka Udongoni

Mkulima anapolima shamba lake baada ya mvua ya kwanza husikia harufu ya udongo, harufu ambayo kila mtu wa shamba anaijua tangu utoto wake. Watu wengi hudhani kwamba harufu hiyo ni ya maji ya mvua, au ya vumbi lililolowa. Kwa kweli sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na vijidudu vidogo sana vinavyoishi ndani ya udongo, ambavyo jicho la mwanadamu haliwezi kuviona ila kwa hadubini. Ni jamaa ya vijidudu hivyo hivyo iliyowapa wanadamu dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyoweza kuponya ugonjwa wa kifua kikuu. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi dawa hiyo na wenzake zilivyopatikana, na kwa nini zaweza kupotea mikononi mwa watu wasipozitunza.

ULIMWENGU ULIO CHINI YA NYAYO

Watu hunena habari za udongo kama wanenavyo habari za jiwe, yaani kitu kisicho na uhai. Sivyo ilivyo. Mtu akichota udongo wa shamba zuri kiasi cha kujaza kijiko kidogo cha chai, ameshika mkononi viumbe hai wengi kuliko watu wote wa Kenya. Nao hawakai bure. Majani yaangukayo, mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani, samadi ya ng'ombe na mizoga ya wanyama, vyote huozeshwa na viumbe hao na kugeuzwa kuwa rutuba. Lau wasingekuwako, takataka za miaka yote zingalirundikana juu ya ardhi, na mimea ingalikosa chakula.

Lakini chakula kilichomo udongoni hakiwatoshi viumbe wote wanaokitaka. Kwa hiyo chini ya nyayo za watu mna vita isiyokwisha. Vijidudu vingine hushinda kwa kuzaana upesi. Vingine hushinda kwa kutoa sumu ya kuwaua jirani zao, au ya kuwazuia wasikue. Sumu hiyo ni kidogo mno, nayo haiendi mbali. Lakini kwa kijidudu kilicho karibu ni mauti. Sumu ya namna hiyo ikitolewa na kutakaswa, na ikionekana kwamba huua vijidudu vya maradhi bila kumdhuru mgonjwa kupita kiasi, ndiyo iitwayo antibiotiki.

Antibiotiki iliyojulikana kwanza kwa watu wengi ni penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Hiyo haikutoka kwa vijidudu vya udongoni bali kwa ukungu, mfano wa ule uotao juu ya mkate uliochacha. Penisilini iliokoa maisha ya askari wengi katika Vita Kuu ya Pili. Walakini kulikuwa na adui mmoja ambaye haikumweza, naye ni kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hicho kimejifunika ganda la mafuta mfano wa nta, tena hukua polepole na kujificha ndani ya mapafu. Mwaka 1940 ulipofika, madaktari wa dunia nzima hawakuwa na dawa ya kukiua. Mgonjwa aliagizwa kulala, kula vizuri na kuvuta hewa safi, kisha akangojea ajali yake.

SWALI LA MTAALAMU WA UDONGO

Mtu aliyeufungua mlango huo hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa mtaalamu wa udongo, jina lake Selman Waksman. Alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Ukraine, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi, na mwaka 1910 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko alijifunza ukulima katika Chuo cha Rutgers, jimbo la New Jersey, na baadaye akawa mwalimu papo hapo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchunguza vijidudu vinavyoozesha samadi na majani, ili wakulima wapate mavuno mema. Watu wachache walidhani kwamba kazi ya namna hiyo itakuwa na faida hospitalini.

Hata hivyo kulikuwa na swali moja la kale lililostahili kujibiwa. Tangu dunia ianze, watu na wanyama wamekufa kwa maradhi na kuzikwa ardhini. Kama vijidudu vya maradhi hayo vingedumu, udongo wote ungalijaa sumu, wala hapana mtu angalithubutu kushika jembe. Mbona haikuwa hivyo? Mwaka 1932 chama cha Wamarekani cha kupigana na kifua kikuu kilimwomba Profesa Waksman achunguze vijidudu vya ugonjwa huo vinapatwa na nini vikiingia udongoni. Jibu lilikuwa kwamba vinakufa. Kuna kitu ndani ya udongo kinachoviangamiza.

Mwaka 1939 René Dubos, Mfaransa aliyekuwa zamani mwanafunzi wa Waksman, alipata kutoka kwa kijidudu cha udongoni dawa iliyoua vijidudu vya maradhi kadhaa. Dawa hiyo ilikuwa na sumu kali mno, haikuweza kutiwa ndani ya mwili. Ilifaa kwa kupakwa vidondani tu. Lakini njia ilikuwa imeonekana, na Waksman akawageuza wanafunzi wake wote wafanye kazi hiyo moja.

NAMNA YA KUTAFUTA

Mtu asidhani kwamba kazi hiyo ilihitaji mitambo ya ajabu. Ilihitaji zaidi subira. Mtafutaji huchukua udongo kidogo akaukoroga katika maji safi, kisha akayapunguza nguvu kwa maji mengine, tena na tena, mpaka tone moja libaki na vijidudu vichache tu. Tone hilo hulipaka juu ya sahani ndogo ya kioo yenye chakula kizito kama jeli, kilichopikwa kwa mwani wa baharini. Baada ya siku chache hutokea juu ya chakula hicho madoa madogo ya rangi mbalimbali: meupe, ya kijivu, ya manjano. Kila doa ni ukoo mzima wa vijidudu uliozaliwa na kijidudu kimoja.

Kila ukoo huhamishwa katika sahani yake peke yake, na kando yake hupandwa vijidudu vya maradhi. Ikiwa vijidudu vya maradhi vinakua mpaka vikaugusa ukoo ule, basi hauna kitu, nao hutupwa. Lakini ikionekana nafasi tupu kati yao, kama uwanja uliofagiliwa, mtafutaji hujua kwamba ukoo ule unatoa silaha. Ndipo kazi inapoanza hasa: kuitoa silaha ile, kuitakasa, kuijaribu kwa wanyama, na mwisho kuijaribu kwa watu. Katika maelfu ya koo zinazojaribiwa, zile zinazofaa huhesabika kwa vidole.

Waksman na wenzake walionja uchungu wa kazi hiyo. Mwaka 1940 walipata dawa waliyoiita aktinomisini. Iliua vijidudu vizuri sana, lakini iliwaua wanyama vilevile. Mwaka 1942 walipata nyingine, streptothrisini, wakafurahi. Baadaye wakaona kwamba wanyama waliopewa dawa hiyo hudhurika baada ya siku kadhaa. Wakaanza tena.

KIJANA WA CHUMBA CHA CHINI

Mwaka 1943 mwanafunzi mmoja, Albert Schatz, mtoto wa wakulima, alirudi chuoni Rutgers baada ya kuruhusiwa kutoka jeshini kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Alikuwa na umri wa miaka 23. Aliomba ruhusa ya kutafuta dawa ya kifua kikuu, kazi ya hatari, kwa kuwa mtafutaji hukaa mchana kutwa pamoja na vijidudu vinavyoweza kumwua. Alipewa chumba cha chini ya ardhi, mbali na wengine, akafanya kazi humo mchana na usiku.

Tarehe 19 Oktoba 1943 Schatz aliona alichokuwa akikitafuta. Koo mbili za kijidudu chenye rangi ya kijivu, kiitwacho Streptomyces griseus, zilikuwa zikizuia vijidudu ambavyo penisilini haikuviweza. Ukoo mmoja ulitoka katika udongo wa shamba uliotiwa samadi nyingi. Wa pili ulitoka kooni mwa kuku. Dawa iliyotolewa humo iliitwa streptomisini. Ilipojaribiwa juu ya kijidudu cha kifua kikuu chenyewe, ilikizuia.

Katika hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, Daktari William Feldman na Daktari Corwin Hinshaw waliijaribu dawa hiyo kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na panya wasio na mkia, ambao kifua kikuu huwaua kwa hakika. Simbilisi waliochomwa dawa waliendelea kuishi. Mwezi wa Novemba 1944 mwanamke kijana mwenye umri wa miaka 21, aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa huo, akaanza kuchomwa sindano. Matibabu yake yalichukua miezi kadhaa. Alipona, akaolewa, akazaa watoto watatu.

Hata katika habari njema haikukosekana huzuni. Mwaka 1950 Schatz alimshtaki mwalimu wake mahakamani, akidai kwamba sifa na mapato ya dawa yamekwenda upande mmoja. Neno hilo lilikwisha kwa mapatano: Schatz akatambuliwa kwa sheria kuwa mvumbuzi pamoja na Waksman, akapewa fungu lake la mapato. Walakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Mwaka 1994, Schatz akiwa mzee, chuo cha Rutgers kilimpa nishani yake. Kazi kubwa hufanywa na mikono mingi, na haki haitimiki mpaka kila mkono utajwe.

DAWA YAPIMWA KWA HAKI

Mwaka 1947 Uingereza ilipata streptomisini kidogo tu, wala haikuwatosha wagonjwa wote. Wataalamu wa huko waliamua kwamba, kwa kuwa hapana budi wengine waikose, basi afadhali ugawaji uwe wa haki na wenye mafunzo. Wagonjwa 107 wenye kifua kikuu kikali walichaguliwa. Wagonjwa 55 walipata dawa na kupumzika kitandani; 52 walipumzika kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi. Nani apate na nani akose haikuamuliwa kwa upendeleo wa daktari, bali kwa namna ya kura iliyofungwa ndani ya bahasha. Baada ya miezi sita, katika wale waliopata dawa walikuwa wamekufa 4. Katika wale wengine walikuwa wamekufa 14. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1948, na tangu hapo upimaji wa namna ya kura ndio uliokuwa kipimo cha dawa duniani.

Lakini madaktari wale wale waliona jambo la pili, lililowatia hofu. Wagonjwa wengi waliokuwa wamepata nafuu walianza kudhoofika tena, na dawa ile ile haikuwasaidia. Vijidudu vilivyotolewa vifuani mwao havikujali streptomisini hata kidogo. Baada ya miaka mitano, tofauti baina ya waliopata dawa na walioikosa ilikuwa imepungua sana.

Sababu yake inafahamika kwa mtu yeyote aliyewahi kupalilia shamba. Ndani ya pafu la mgonjwa mna vijidudu vingi mno, na miongoni mwao wamo wachache ambao kwa maumbile yao wanaweza kuistahimili dawa. Dawa inapowaua wengine wote, wale wachache hubaki na nafasi na chakula, nao huzaana. Ni kama mkulima ang'oaye magugu laini, akayaacha yale magumu yenye mizizi mirefu. Baada ya mvua chache shamba lote huwa la magugu magumu. Vijidudu hivyo ndivyo viitwavyo vijidudu sugu.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Dawa ya jambo hilo ilikuwa ni kuunganisha silaha. Kijidudu kinachoistahimili dawa moja mara nyingi hakiwezi kuistahimili ya pili, na kinachoweza zote tatu ni nadra kabisa. Kwa hiyo streptomisini iliunganishwa na dawa ya PAS, iliyovumbuliwa Sweden na Jörgen Lehmann, na tangu mwaka 1952 ikaunganishwa na isoniazidi. Wagonjwa wakaanza kupona na kubaki wazima. Taabu iliyobaki ni kwamba mgonjwa alipaswa kutumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Watu wengi walichoka, wakaacha njiani, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu.

Wakati huo watafutaji walikuwa wamekwisha kutawanyika duniani kote wakiokota udongo. Kutoka shamba la chuo kimoja cha Missouri, Marekani, mzee Benjamin Duggar, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, alipata dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini, iliyotangazwa mwaka 1948. Udongo wa Venezuela ulitoa kloramfenikoli, iliyotumika sana kwa homa ya matumbo. Udongo wa Ufilipino ulitoa erithromisini. Udongo uliopelekwa na mmisionari kutoka Borneo ulitoa vankomisini. Hapakuwa na nchi iliyoweza kusema kwamba udongo wake hauna thamani.

Mwaka 1957 udongo uliookotwa katika msitu wa misonobari karibu na mji wa St Raphaël, pwani ya kusini ya Ufaransa, ulifika katika maabara ya kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia. Piero Sensi, Maria Teresa Timbal na wenzao walikuta humo kijidudu kitoacho dawa mpya. Dawa hiyo ilivyotoka kwa kijidudu haikufaa kumezwa. Wataalamu wakaibadilisha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, hata katika miaka ya 1960 wakapata rifampisini. Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu huikumbuka dawa hii, kwa maana hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa.

Hapo ndipo habari hii inapofika Afrika ya Mashariki. Tangu miaka ya 1950 hospitali za nchi hizi zilikuwa zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kupima matibabu ya kifua kikuu ambayo watu wa kawaida wangeweza kuyapata na kuyamaliza. Mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika upimaji mkubwa wa kujua kama miezi sita ingetosha badala ya mwaka mmoja na nusu. Habari zake zilitangazwa mwaka 1972 na miaka iliyofuata. Miongoni mwa waliotibiwa miezi sita kwa streptomisini na isoniazidi tu, karibu 29 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Miongoni mwa walioongezewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa karibu 3 katika kila 100.

Matibabu ya miezi sita ambayo nchi nyingi za dunia zinayatumia yamejengwa juu ya upimaji huo. Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki, ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, walilipa dunia deni kubwa kwa subira yao. Udongo wa Ufaransa ulitoa dawa, mikono ya Italia ikaitengeneza, na vifua vya Waafrika vikaonyesha namna ya kuitumia.

KAZI HAIJAISHA

Baada ya miaka ya 1960 uvumbuzi ulipungua. Watafutaji waliokota udongo, wakapanda vijidudu, wakakuta dawa zile zile zilizokwisha kujulikana. Ilikuwa kama mvuvi anayetupa wavu mahali pamoja akipata samaki wa namna moja. Sababu kubwa ni kwamba vijidudu vingi vya udongoni havikubali kukua katika sahani ya kioo. Inakisiwa kwamba katika kila 100, hukua 1 tu. Wale 99 wamezoea chakula na majirani wa udongo wao, na wakihamishwa hawakui.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northeastern, mjini Boston, waliwaza kwamba, ikiwa kijidudu hakitaki kuja maabara, basi maabara iende kwa kijidudu. Walitengeneza kibao kidogo chenye matundu mengi. Kila tundu liliwekwa kijidudu kimoja, likafunikwa kwa utando unaopitisha chakula lakini hauruhusu kijidudu kutoka, kisha kibao kikafukiwa tena udongoni. Vijidudu vikakua bila kujua kwamba vimo kifungoni. Kwa njia hiyo udongo wa shamba la majani la jimbo la Maine ulitoa dawa iitwayo teiksobaktini, iliyotangazwa mwezi wa Januari 2015, ikiwa imewaponya panya waliotiwa vijidudu sugu.

Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakiongozwa na Gerry Wright, walitangaza dawa nyingine, lariosidini. Udongo wake haukutoka mbali. Uliokotwa katika ua wa nyumba mjini Hamilton. Siri ilikuwa ni kungoja. Waliviacha vijidudu vya udongo ule vikue kwa muda wa mwaka mmoja hivi, ili wale wakuao polepole nao wapate nafasi ya kuonekana. Mvumilivu hula mbivu.

Lakini kutoka sahani ya kioo hadi chupa ya hospitali ni safari ya miaka mingi na gharama kubwa, na dawa nyingi hufia njiani. Vijidudu sugu havingojei. Wataalamu waliohesabu habari za dunia nzima walikisia kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu dawa hazikuweza tena kuwaua vijidudu vilivyowashika. Nacho kifua kikuu, pamoja na dawa zote zilizotajwa hapa, kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani katika mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

WAJIBU WA KILA MTU

Kwa hiyo habari hii si ya maprofesa tu. Yamhusu mama anayemnunulia mtoto vidonge dukani, na baba anayekohoa usiku akisema kwamba ni baridi tu.

Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anayekonda na kutoka jasho usiku, na aende hospitali apimwe. Katika hospitali na zahanati za Serikali ya Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Mgonjwa akipewa dawa, azimalize zote kwa muda alioagizwa, hata akijiona ana nguvu za kulima baada ya mwezi wa pili. Nafuu si kupona. Anayeacha njiani huwaacha hai wale vijidudu wagumu, na kesho atawapa mkewe, watoto wake na jirani zake ugonjwa ambao vidonge vya kwanza haviuwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Antibiotiki haziui homa ya mafua, kwa kuwa mafua hayaletwi na bakteria. Anayezimeza kwa mafua anazitupa, tena anavifundisha vijidudu vingine mwilini mwake namna ya kuzistahimili. Vidonge vilivyobaki kwa mgonjwa mmoja visigawiwe mwingine kwa sababu maradhi yanafanana. Wala mfugaji asiwape kuku na ng'ombe wake dawa hizi bila shauri la mganga wa mifugo, maana vijidudu sugu vya zizini hupata njia ya kuingia nyumbani.

Jambo la mwisho linahitaji kusemwa kwa nguvu. Kwa kuwa dawa hizi zimetoka udongoni, mtu asije akadhani kwamba udongo wenyewe ni dawa. Katika udongo ule ule, na hasa penye samadi, mna kijidudu cha pepopunda, ambacho huua. Udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe visipakwe kamwe juu ya kidonda, wala juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Streptomisini ilitoka katika udongo wenye samadi, lakini ilitengwa, ikatakaswa, ikapimwa kwa wanyama na kwa watu kabla ya kuaminiwa. Bila kazi hiyo udongo ni udongo tu, una mema na mabaya pamoja.

Ardhi imewapa watu chakula tangu mwanzo, na katika miaka isiyofika mia moja imewapa dawa pia. Chakula kikiliwa, msimu ujao chaweza kupandwa tena. Dawa iliyokwisha kuzoewa na vijidudu si rahisi kupata badala yake. Pengine hungojewa miaka 20 au 30, na mgonjwa hana miaka hiyo ya kungoja. Basi zilizopo na zitumiwe kwa adabu, ili mtoto atakayeugua kesho azikute zingali na nguvu.